Nguo Nne za Kola

Aliyeniambia kwanza habari za Kola ni Mama Sindano, mhudumu wa kituo cha mbwa waliookolewa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ndiye anayewachoma mbwa dawa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Jumatatu ile jioni nilikuwa nimempelekea makoti yao ya kazi, nimeyatia viraka palipotoboka.

Alivaa lake palepale, akaingiza mikono mifukoni, akacheka.

"Fundi, mifuko imekuwa mipya! Mimi na wewe sote tunakula kwa sindano, ila za kwako haziumi."

Mimi si msemaji. Nilitabasamu tu, nikamshika mwanangu mkono ili tuondoke, maana kiza kilikuwa kinaanza kuingia. Lakini mwanangu hakutembea. Alikuwa amesimama mbele ya banda la mwisho.

Ndani mlikuwa na mbwa mweusi mwenye pua ndefu na manyoya yaliyosokotana kama pamba chafu. Shingoni alikuwa na duara jeupe, kama kola ya shati. Alisogea taratibu, akaweka pua kwenye wavu. Mwanangu akaweka kiganja chake.

Akacheka.

Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo kwa miezi minne.

"Huyo ni koli, mbwa wa kuchunga kondoo," Mama Sindano alisema. "Tunamwita Kola. Alikutwa amefungwa kwenye nguzo, kamba imemla shingo. Nyumba tatu zimemchukua, na zote tatu zimemrudisha."

"Anang'ata?"

"Hata kidogo. Ila jua likizama anawakusanya. Anawasukuma kwa kichwa mpaka wote muwe chumba kimoja, kisha analala mlangoni. Hakuna kutoka. Watu wamechoka kufanywa kondoo." Akashusha sauti. "Asipopata mtu mpaka Ijumaa, nitamchoma mimi mwenyewe. Ile sindano ya mwisho."

Nilisema nitamchukua. Nilisema kabla sijafikiri.

Nilikuwa na watoto mapacha, wa miaka mitano. Mmoja tulimwita Chiriku kwa kuongea kwake. Huyu aliyebaki tulimwita Kishungi, kwa sababu ya nywele zake nilizopenda kuzifunga juu ya paji la uso. Chiriku alishikwa na homa Jumapili, Jumatano tukamzika. Tangu siku hiyo Kishungi hakutamka neno. Chakula alikigusa tu. Daktari alisema mpe muda. Nilimpa muda, na muda ukawa unamla. Mbavu zake nilizihesabu kila nilipomwogesha.

Mama Sindano alinipa fomu. Palikuwa na swali: watu wangapi wanalala nyumbani? Baba wa watoto ni dereva wa malori, anaonekana mara moja kwa miezi miwili, kwa hiyo sikumhesabu. Tulikuwa mimi, Kishungi na mama mkwe, anayeishi nasi. Nikaandika: wanne.

Nilijua ninachoandika. Mkono tu ndio uliokataa kuandika watatu.

"Kesho lete nguo moja moja ya kila mtu," alisema. "Iwe imevaliwa, usiifue. Tunamwekea bandani alale nazo, azoee kundi lake. Lakini uwe mwangalifu. Ukimpa huyu nguo ya mtu, atamtafuta mpaka ampate."

Kesho yake nilipeleka blauzi yangu, kanga ya mama mkwe, fulana ya Kishungi... na gauni la njano.

Gauni hilo lilitoka kwenye robota la mitumba nililonunua kwa ajili ya kazi. Lilikuwa la mtoto mkubwa, labda wa miaka kumi. Nikalipunguza. Nilikata pindo shibiri nzima, na kwenye kipande kilichobaki nikamtolea Kishungi utepe wa nywele, ili kila mmoja apate njano yake. Nilimaliza Jumamosi usiku. Nilitaka kulifua kwanza, lakini Chiriku alilia, akalivaa hivyo hivyo siku ya Jumapili. Hakuvaa nguo nyingine baada ya hapo. Nililiweka sandukuni bila kulifua, na usiku nikizidiwa nililinusa.

Kola akaja nyumbani Jumatano, pamoja na zile nguo; gauni nikalirudisha sandukuni kabla mama mkwe hajaliona. Mama mkwe alimwangalia kuanzia masikioni hadi mkiani.

"Mtoto hali, na wewe umeleta mdomo mwingine! Tena wenye nywele nyingi kuliko mimi."

Lakini ndiye aliyemkatia mafundo ya manyoya kwa mkasi wangu mdogo. Mimi nilimpaka dawa shingoni. Aliogopa kamba. Hata uzi wa cherehani ukining'inia alirudi nyuma. Chakula chake nilikiweka kwenye sufuria iliyokatika mshikio, akala polepole, akitusubiri sisi tuanze. Kishungi alimchana kwa kitana changu siku nzima. Alhamisi asubuhi akafungua mdomo.

"Kola," alisema.

Nilikimbilia jikoni nikalia kwenye aproni.

Tangu jioni ya kwanza Kola alifanya kazi yake. Jua lilipozama alinisukuma goti kutoka kwenye cherehani, akamtoa mama mkwe jikoni, akamwongoza Kishungi mpaka mkekani. Tukacheka, kondoo watatu. Halafu akatuangalia. Mmoja... wa pili... wa tatu.

Hakulala.

Alikwenda mlango wa nyuma akaukwaruza. Akarudi, akatuangalia tena. Akaenda tena. Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja kitupu chenye majani marefu, hakuna kitu kingine. Alilia pale mlangoni mpaka tukalala. Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi pia.

Ijumaa nikaufungua.

Mama mkwe alikuwa akikunja nguo. "Unafungulia nini, mwanangu?"

"Anatafuta wa nne, mama."

Akaacha kukunja. "Kwani ulipeleka nguo ngapi?"

Kola alikuwa ameshapotea kwenye majani. Tulisikia yakivunjika mbali, upande mmoja, kisha upande mwingine. Akizunguka. Akizunguka. Kisha pakawa kimya.

Alirudi akiwa ameinama, tumbo karibu na ardhi, hatua moja moja, macho mbele. Mbwa wa kondoo hutembea hivyo akiwa nyuma ya kondoo.

Mbele yake hapakuwa na kitu.

Alikipitisha kitu hicho mlangoni. Alikipitisha jikoni. Mfuniko wa sufuria ukalia kidogo. Harufu ikaingia: vumbi, dawa ya wadudu, na jasho la mtu usiyemjua. Naijua harufu hiyo. Ni robota la mitumba siku unapolifungua.

Kishungi alisogea mkekani. Akaacha nafasi.

Kola akatuangalia. Wanne. Akalala mlangoni, akafumba macho.

"Chiriku," nilisema. "Mwanangu. Umerudi?"

Mama mkwe alinishika mkono kwa nguvu. "Umemwona?"

"Kola amemwona."

"Mimi nakuuliza wewe. Umemwona?"

Nilitoa sahani ya nne. Mtu asinilaumu. Kama ungeambiwa mwanao yuko mkekani, ungeuliza maswali mangapi? Jumamosi nikafungua mlango tena. Jumapili tena. Nilimsimulia Chiriku habari zote za nyumbani, mimi nisiye msemaji, nikiongea na nafasi tupu. Hakunijibu. Nilisema atazoea.

Lakini Kishungi alianza kupoa. Mikono kwanza, halafu miguu. Jumapili usiku midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu, na neno lake lile moja likapotea tena. Mchana wa Jumatatu nilimfunika blanketi mbili juani, na bado alitetemeka.

Jioni ile nilijiapiza kutofungua mlango. Niliukomea, nikakaa chini na mgongo wangu kwenye mbao.

Kola hakukwaruza. Alituangalia mmoja, wa pili, wa tatu, akaangalia mkeka, akalala.

Alikuwa hajatoka, yule.

Kishungi aliweka mdomo sikioni mwangu. Pumzi yake ilikuwa baridi.

"Mama, anataka gauni lake."

"Mpe Chiriku pole, mwambie mama amelitunza."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mjinga.

"Huyu si Chiriku."

Mama mkwe akaanza kusali kwa sauti ndogo.

"Huyu ni mkubwa," alisema Kishungi. Akainua mkono, akaonyesha komeo la dirisha. "Kichwa chake kinafika pale. Anasema Chiriku naye alikataa kulivua."

Sikumbuki nilivyofika kwenye sanduku. Nakumbuka gauni lilikuwa na unyevu mkononi, kama limetoka mwilini mwa mtu sasa hivi. Nikataka kutoka nalo. Kola akasimama mlangoni, akaonyesha meno kwa mara ya kwanza. Kundi limetimia, hakuna kutoka. Nikafungua dirisha, nikalirusha nje kwa nguvu zangu zote.

"Chukua!" nilipiga kelele. "Chukua, mwache mwanangu!"

Nikangoja dirishani.

Harufu haikuondoka.

"Anasema limekatwa," Kishungi alinong'ona. Meno yake yaligongana. "Anasema... kipande kiko wapi?"

Nikaangalia nywele zake zilizofungwa juu ya paji la uso. Utepe wa njano ulikuwa umekaza, umesimama wima. Kama kuna mtu ameshika ncha yake.

Nilichukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Nikakata utepe pamoja na nywele, karibu na ngozi. Nikarusha vyote dirishani.

Kola alifunga mdomo. Akatuangalia, akaangalia mkeka. Kisha akainama, tumbo karibu na ardhi, akaanza kusukuma. Mama mkwe alimfungulia, na mfuniko wa sufuria ukalia tena. Akakipeleka kitu kile jikoni, akakivusha mlango wa nyuma, wakapotea kwenye majani.

Nilimkumbatia Kishungi mpaka akapata joto. Kola alirudi wakati mama mkwe anazima taa, amelowa, na miiba kwenye manyoya. Alituangalia mmoja, wa pili, wa tatu. Akalala, miguu ikiruka usingizini.

Asubuhi nje ya dirisha hapakuwa na gauni. Hapakuwa na utepe. Nywele za mwanangu zilikuwepo, zimewekwa pamoja juu ya jiwe, kama mtu amezichambua akaziacha.

Kishungi aliomba uji. Akaomba tena. Mama mkwe alimwongeza, akaniangalia, akafuta macho kwa kanga. "Kaa nyumbani leo," alisema.

Lakini mimi nilikuwa nimeshachukua mfuko wangu wa vipande, naumwaga sakafuni. Fundi hatupi kitambaa. Nilitafuta njano. Nilipata kimoja kidogo, nikakumbuka kingine nilikitumia wapi.

Nikakimbia na Kola mpaka kituoni.

Mama Sindano alikuwa getini, amevaa koti lake la kazi, mikono yote miwili ameiweka nje ya mifuko. Hakucheka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu.

"Vua koti," nilisema.

Hakuuliza kwa nini. Alilivua haraka, kama aliyekuwa akisubiri aambiwe.

"Fundi," alisema polepole, "tangu wiki iliyopita... nikiingiza mkono mfukoni, nakuta mkono mwingine."

Niligeuza mfuko nje. Kiraka cha njano, mshono wangu mwenyewe, mzuri, ulionyooka. Nikakifumua uzi mmoja mmoja huku Kola akikiangalia. Nilirudi nacho mpaka kwenye kiwanja, pamoja na kile kidogo, nikaviweka juu ya jiwe, nikasema samahani. Robota lile nililishonea watu wengi. Sijui viraka vyake viko kwenye nguo za nani.

Kisha nikarudi kituoni, nikaomba fomu yangu. Pale palipoandikwa wanne nilipitisha mstari.

Nikaandika: watatu.

Nilichukua muda mrefu. Kola alikaa miguuni pangu, akisubiri nimalize.