Kidole cha Mama Mtindi

Kila asubuhi Mama Mtindi huchemsha maziwa mpaka yafure. Yakianza kupoa, huchovya kidole, hutulia kidogo, husema, "Tayari." Hapo hutia kijiko cha mtindi wa jana, hufunika sufuria na kuizungushia blanketi kuukuu. Kesho yake maziwa yameganda.

Kidole hicho alikirithi kwa mama mkwe wake, pamoja na sharti lake: kisiguse sabuni. Sabuni huacha harufu kwenye mtindi.

Mwezi mmoja mjukuu wake alianza kuhara. Baadaye wakahara wateja. Bwana afya wa manispaa alikuja, akasimama nje ya mlango wa duka lake la mtindi.

"Ijumaa nafunga duka hili," alisema. "Watu wa mtaa huu mmezoea uchafu."

Maneno hayo tunayajua. Ndiyo waliyoambiwa wazazi wetu mwaka wa kipindupindu, mtaa huu ulipokatiwa bomba na mtaa wa juu ukaachiwa lake. Hatujasahau.

Duka hilo ndilo linaloilisha nyumba. Mume wa Mama Mtindi, fundi baiskeli, akaenda kumwita jirani yao, Bibi Darubini.

Bibi huyu ndiye mwanamke wa kwanza wa mtaa wetu kuingia maabara ya hospitali kuu. Walimpokea kwa kumpa chupa aoshe. Alipostaafu, alikuwa mkuu wa maabara nzima.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mama Mtindi. "Maziwa nayachemsha, haki ya Mungu."

"Marahaba, mwanangu. Usiniambie. Nionyeshe."

Mama Mtindi akamtawaza mjukuu aliyetoka chooni, akasuuza mikono kwenye beseni, akaenda kwenye sufuria. Kidole kikazama.

Bibi akatoa kisahani cha kioo chenye utando laini ndani. "Sasa bonyeza kidole hapa."

"Bibi, unakishuku kidole cha mama mkwe?"

"Mama mkwe wako namheshimu. Kidole bado sijakijua."

Akaondoka na kisahani, mtindi kidogo na choo cha mtoto, akavipeleka maabara. Aliporudi siku mbili baadaye, kisahani kilikuwa na madoa mengi, meupe na ya manjano, yamekaa kwa umbo la kidole.

"Mke wangu," alisema fundi baiskeli, "kumbe una shamba."

"Nyamaza wewe."

"Hivi ni vijidudu," alisema Bibi. "Kimoja hukioni kwa macho. Vikila utando huu vikazaana vikawa mamilioni, unaona doa. Vingi havina neno. Hata mtindi wako unagandishwa na vijidudu. Mimi na wewe tuna kazi moja, tunafuga. Lakini kwenye choo cha mtoto tumekuta kijidudu cha ugonjwa, na kwenye mtindi tumekuta hicho hicho. Maji matupu ya beseni hayakukiondoa. Ukakichovya kwenye maziwa ya uvuguvugu, kikapata chakula na joto."

Mama Mtindi akakaa chini. "Basi mimi ndiye niliyewaumiza watoto wa watu."

"Kosa la kidole ni lako. Kosa la bomba si lako. Tutayasema yote mawili."

"Na sabuni? Harufu je?"

"Usiniamini mimi. Maabara nimefanya kazi miaka mingi kwa swali moja tu: nitajuaje kama nimekosea? Tujaribu."

Fundi baiskeli akafunga koki kwenye dumu la maji. Mama Mtindi akanawa kwa sabuni, mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha, akasuuza kwa maji yanayotiririka. Akabonyeza kisahani cha pili; kesho yake kilikuwa na madoa machache tu. Na kidole hakikuingia tena kwenye sufuria. Alichota maziwa kwa kijiko safi, akadondosha tone juu ya mkono, akatulia kidogo.

"Tayari," akasema. Mtindi uliganda vizuri. Fundi baiskeli aliunusa, akamaliza bakuli.

Ijumaa bwana afya alikuta visahani viwili mezani. Mama Mtindi akamweleza mwenyewe, neno kwa neno. Bwana afya akaviinua kwenye mwanga, akavua kofia.

"Maji ya kunawa mnatoa wapi?"

"Tunanunua, tangu mlipotukatia bomba. Liandike na hilo."

Aliandika, na duka hakulifunga. Mtaa mzima ukalifuata andiko lile hadi manispaa, Bibi mbele, na hatukukubali kuondoka na ahadi tupu. Leo bomba linatoa maji.

Mjukuu amenenepa. Wagandishaji wengine huja dukani kujifunza. Wakibisha kuhusu sabuni, Mama Mtindi habishani nao. Huomba kisahani kwa Bibi Darubini, hukifunua.

"Usiniamini mimi, dada," husema. "Bonyeza kidole hapa."