Kiti cha Tano

Njia ya kando ya mto Cam, Uingereza, ilijaa baiskeli mchana ule wa kiangazi, makocha wakiziendesha huku wakiwapazia sauti wapiga makasia majini. Hester Pledger, aliyevaa koti la kijani na kofia iliyoinamia jicho moja, alikwama katikati. Kijana mrefu aliyebeba kasia begani aligeuka kumpisha, kasia likaikumba ile kofia hadi mtoni.

Kijana aliitwa Lionel Garside, mpiga makasia wa kiti cha tano katika mashua ya chuo chake. Aliomba radhi mpaka masikio yakamwiva. Hester, binti wa fundi mashua, hakuonekana kukasirika.

"Nimekuona ukifanya mazoezi," alisema. "Unavuta kwa mikono kabla miguu haijasukuma. Halafu unakirudisha mbele mbio mbio kile kiti chako cha kuteleza, mashua inasita."

"Basi nifundishe, bibie."

"Kwanza ninunulie kofia."

Alimnunulia. Wiki tatu zilizofuata zilijaa chai, matembezi, na simu za kila asubuhi kwenye duka la vitabu alikofanya kazi Hester, Lionel akimwita mwalimu wangu, yeye akimwita mzembe wangu.

Kisha yakaja mashindano. Mto ni mwembamba, hivyo mashua hufuatana kwa mstari, na ya nyuma ikiigusa ya mbele, huchukua nafasi yake kesho yake. Siku ya kwanza mashua ya kina Lionel iliguswa konani, palepale walipozoea kuvurugika. Kocha akasema wapinzani wameambiwa udhaifu wao. Mwenzake Lionel mmoja mashuani akaongeza kwamba alimwona Hester akicheka na Ambrose Tuke, mshika usukani wa wapinzani, kwenye karakana ya baba yake Hester.

Neno hilo lilimwingia Lionel kama mwiba. Aliyakumbuka maswali yote ya Hester kuhusu mazoezi yao, na kila moja sasa likanuka. Aliacha kupiga simu. Alipita dukani bila kugeuka. Siku ya tatu bila simu yake, Hester akapiga mwenyewe, chuoni, kwa bawabu.

"Unaumwa, mpenzi?"

"Tuke alifuata nini kwenu?"

"Alileta usukani utengenezwe. Kwa nini?"

"Ulimwambia udhaifu wetu?"

Hester alikata simu.

Jioni hiyo Lionel alimfuata Tuke gatini. Tuke, kijana mdogo wa umbo, alimshangaa. Alisema hakuhitaji jasusi. Yeye hukaa akitazama mbele, kwenye mashua ya kina Lionel, na kasoro ya kiti cha tano hata ng'ombe wa malishoni wanaiona. Kweli alimdadisi Hester kwa utani, naye akamjibu kwamba namba tano ni mtu wake, kisha yeye ndiye akamdadisi Tuke.

Lionel alienda moja kwa moja karakanani, nguo za mazoezi bado zikimchuruzika maji ya mto. Hester alikuwa akipiga msasa ubao, wala hakuinua uso.

"Nilikushuku, nikaamini," Lionel alisema. "Sina kisingizio. Nisamehe. Nataka kukuoa."

"Ungeniuliza siku ile ile ningecheka tu. Uliniadhibu siku tatu kwanza, ndipo ukauliza." Alipuliza vumbi la mbao. "Basi nami nitakaa siku tatu kabla ya kukujibu. Nenda."

Lionel akaenda. Kesho yake asubuhi bawabu alimwita kwenye simu.

"Bado siku mbili," alisema Lionel kwa woga.

"Najua kuhesabu. Jibu ni ndiyo. Usinifanye nirudie, duka limejaa watu."