Maji ya Kupangusia Vioo

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 30 Oktoba 1993, nyumbani kwa Hatibu Shekivuli, Lemara, walikuwepo watu wanne. Alikuwepo Hatibu mwenyewe, fundi cherehani, mzaliwa wa Pangani. Alikuwepo mkewe, Mwanahalima. Alikuwepo binti yao Salwa, wa miaka kumi na minne, aliyetolewa jini wiki ile. Na alikuwepo mpangaji wao, Evaresta Mallya wa Kibosho, mjane, ambaye wote walimwita Mama Agnela.

Kioo cha chumba cha Salwa kilikuwa na ukungu wa pumzi. Evaresta akaupangusa kwa gazeti. Ukarudi. Pumzi ilitokea nje, na nje hapakuwa na mtu.

“Dawa yako leo imegoma,” Mwanahalima alimtania. “Au umetia uji?”

“Uji wangu ungeng’arisha kuliko sabuni yako.”

Tangu biashara zifunguliwe na maduka mapya ya mjini kuweka madirisha mapana, Evaresta aliishi kwa kuchanganya siki, spiriti na maji, na kuwapangusia wenye maduka. Wateja walilalamikia harufu ya siki tu. Ndiyo maana siku tatu nyuma, alipoona jikoni dumu la maji yanayonukia marashi, alimimina nusu yake kwenye dawa yake ya vioo.

Evaresta alipomweleza hivyo, Mwanahalima aliacha kucheka.

“Niliyomwogeshea Salwa? Mama Agnela, jini lilitolewa likatiwa humo! Tulikuwa twende tukayamwage Mto Themi.”

“Nisamehe, dada. Kwetu maji yaliyoombewa hunyunyizwa mlangoni.”

Mchana alikuja Najim, mganga aliyelitoa jini. Alinusa kioo, akamgeukia Evaresta, akashusha sauti.

“Nililifunga mahali pamoja. Wewe umelipaka mji mzima. Sina chupa ya kulirudishia.”

Hatibu aling’oa vioo vyote vya nyumba, akatundika kanga. Evaresta alizunguka madukani na ndoo ya maji matupu, akafuta alichokuwa amepaka, na katika kila kioo aliona nyuma ya bega lake mwanamke mrefu asiye na kope, akinukia marashi, na kila alipogeuka hakuona mtu ila barabara na jua, na kila alipokitazama kioo tena yule mwanamke alikuwa amesogea hatua moja.

Siku kumi baadaye Salwa, amelala amefumba macho, alianza kunong’ona.

“Ametoka duka la viatu. Yuko saluni. Amevuka daraja.”

“Nyamaza, mwanangu,” Hatibu alisema, akamwinamia. “Humu hamna kioo.”

Salwa akafumbua macho, akamtazama baba yake usoni, akapiga yowe, na papo hapo Evaresta, aliyekuwa mlangoni, akakumbuka kwamba Ijumaa ile, kabla hawajajua lolote, Hatibu alimwomba matone mawili ya dawa yake, naye, kwa heshima, akampangusia miwani kwa mkono wake mwenyewe.

“Yumo humo, baba. Ananitazama.”

Hatibu aliivua miwani, akaivunja kwa kisigino. Harufu ya marashi ikajaa chumba.

Salwa binti Hatibu alifariki siku hiyo, Jumanne, tarehe 9 Novemba, saa saba mchana.