Nyasi Alizoziacha Mama

Asubuhi Dereva alikunywa chai amesimama mlangoni, akitazama shamba. Nyasi zile ndefu zilipandwa na marehemu mkewe. Kiwanda cha jirani kilizinunua, kikazisaga na kuzishindilia kuwa vipande vya kuni. Miaka yote hiyo Dereva alikuwa barabarani na lori. Hakuwahi kuuliza zinatunzwaje.

Baada ya mazishi aliacha lori, akashika mundu. Alizikata zikiwa bado mbichi, hadi kwenye udongo. Zikachipua, akakata tena. Mara ya tatu, nusu ya mashina yakakauka.

"Baba, hizi hazichipui," binti yake alisema.

"Naona, mwanangu. Mama yako kaniachia kitu kimoja, nami nimekiua."

Binti akaenda kumwita bibi shamba.

"Shikamoo, mzee," bibi shamba alisema.

"Marahaba."

Bibi shamba akapiga magoti, akang'oa shina moja. Mzizi ukavunjika kama kijiti. "Ulizikata zikiwa kijani?"

"Kijani kabisa. Mara tatu."

"Basi zimekufa njaa, mzee. Nyasi hizi huvumilia ukame na huishi miaka mingi. Lakini majani yakinyauka yenyewe, chakula chake hushuka mizizini, kikangoja mvua. Ukikata mapema, unakiondoa chote. Kata mara moja tu kwa mwaka, zikishakuwa njano. Na uache kisiki cha urefu wa kiganja."

"Mke wangu alijua hayo?"

"Alijua sana. Nilipomwambia awafundishe na watu wa nyumbani, alisema, 'Nangoja mume wangu apate likizo.'"

Dereva akainamisha kichwa. Likizo alikuwa akipata. Alikuwa akilala.

Mvua zilipoanza, baba na binti walichimbua mashina yaliyo hai, wakayagawa vipande, wakavipanda kwenye mapengo. Bibi shamba aliwaonya wasiyakate machanga mwaka wa kwanza, wala wasiruhusu mbuzi kuingia. Dereva akazungushia miiba. Mengine alisubiri yawe njano, akayakata akipima kila shina kwa kiganja.

Mvua za mwaka uliofuata, mistari yote ilichipua, mashina mapya kwa ya zamani.

"Zimeota zote, Baba."

"Angekuwapo," Dereva alisema, "angenicheka ninavyopimapima."

"Angekucheka sana."

Dereva akatabasamu kidogo, kisha machozi yakamtoka. Hakuyafuta. Binti akamshika mkono, wakazunguka shamba lote, mstari kwa mstari.