Jipu la Mzee Constantine

Philomena wa Ngulyati alikuwa akijisifu kwamba tangu azaliwe hakuna uongo uliompita bila yeye kuushika mkia. Kisha huongeza mwenyewe, kabla hujamuuliza: "Ukiacha ule wa marehemu mume wangu. Miaka tisa ananiaga anafuata samaki Nyashimo, kumbe kule ana nyumba na mke, na samaki aliniletea wa hapa hapa sokoni Bariadi."

Jumamosi, saa mbili asubuhi, wachunga ng'ombe walilikuta jipu la mzee Constantine korongoni, chini ya daraja dogo la Ngulyati, magurudumu yakitazama juu. Mwenyewe alikuwa chini yake, ameshakata roho. Gari hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko walimu wote wa kata, na watu waliliita jipu kwa maana zote mbili, kwa kuwa halikuacha kuvuja.

Kufikia saa sita mchana, Elia alikuwa mahabusu. Elia ni fundi magari, mjukuu wa Philomena aliyelelewa naye tangu ananyonya. Alhamisi ndiye aliyefungua stelingi boksi ya jipu hilo, lile boksi la gia linalopokea usukani na kugeuza magurudumu. Sasa polisi wamelikuta halina tone la oili, na boliti mbili za kifuniko zimelegea. Penye kona ya daraja, usukani ulimkatalia mzee.

Philomena alifika kituoni na chupa ya chai.

"Mwangaluka, baba," alimsalimia Inspekta Maige kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu, mama yangu. Mjukuu wako ameua mtu kwa uzembe. Itakuwa kifungo."

"Mimi nimeleta chai tu. Kifungo utakileta wewe. Niruhusu nimwone."

Elia alikuwa hajala. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Bibi, wenzangu wakiona boksi linavuja wanashindilia girisi, maana girisi haivuji. Lakini girisi ikishasukumwa pembeni na meno ya gia hairudi, gia zinasagana kavu. Mimi nilikomba yote, nikaosha kwa dizeli, nikabadilisha oili sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, nikajaza oili ya gia mpya kabisa. Nilifanyia pale pale uani kwa mzee, mkewe mama Stephania akanishikia kopo. Boliti nne nikakaza, na kila moja nikaipiga alama."

"Alama gani?" Maige aliuliza kutoka mlangoni.

"Rangi nyekundu ya kucha. Mstari mmoja, kutoka kwenye boliti mpaka kwenye kifuniko. Mtu akigusa, mstari unakatika. Ni ya mke wangu. Hajajua bado."

"Basi akijua," alisema Philomena, "humu mahabusu ndimo salama."

Elia hakucheka. Hata bibi mwenyewe hakucheka.

Jipu lilikuwa limevutwa hadi uwanja wa kituo. Maige alipiga magoti na tochi, Philomena akainama nyuma yake. Boliti mbili za juu, mstari ulikuwa mzima. Mbili za chini, nusu ya mstari ilibaki kwenye kifuniko, nusu nyingine imegeukia upande wake.

"Mtikisiko wa barabara," alisema Maige.

"Mtikisiko una meno, baba? Tazama kona za hizo boliti."

Zilikuwa zimechubuka, zimeng'atwang'atwa.

"Plaizi," Maige alikiri taratibu. "Fundi angetumia spana."

"Na aliyezilegeza oili aliipeleka wapi, uani kwa marehemu pakavu?"

"Nimepakagua mwenyewe. Pakavu kabisa." Inspekta alisimama akijipangusa magoti. "Lakini sitamtoa kwa rangi ya kucha, mayu. Niletee mkono ulioshika plaizi."

Mkono wa kwanza kutajwa na kijiji ulikuwa wa Sylvester, mdogo wake marehemu. Jipu lilikuwa la baba yao, na Sylvester alishasema mbele za watu kwamba kaka yake amelipora. Jumapili saa nne Maige alimhoji barazani kwake, Philomena akiwa amejibanza kwenye kigoda kama hayupo.

"Ulilitaka hilo gari?"

"Nililitaka, afande. Tena sana."

"Ukalegeza boliti."

"Sasa nilipindue ili nirithi mabati?" Sauti ya Sylvester ilikatika. "Na mimi nafanya kazi kinu cha pamba. Spana ninazo sanduku zima, njoo uzione. Plaizi ya nini? Yule ni kaka yangu. Tuligombana kwa sababu tulikuwa tumebaki wawili."

Philomena alimwamini. Uongo una namna ya kujipanga vizuri, na maneno ya Sylvester yalikuwa yanaanguka ovyo.

Jioni ile alikwenda msibani kukaa na mjane. Stephania alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Siku habari za Nyashimo zilipomfikia Philomena, ni Stephania aliyekaa naye jikoni mpaka machozi yakaisha, bila kumwambia neno hata moja la kijinga.

Nyuma ya nyumba Philomena aliegemea kihenge, ghala la mahindi, apumzishe kiuno. Akasikia harufu ya yai viza, kama ya oili ya gia. Akainama. Miguu minne ya kihenge ilikuwa imepakwa oili. Kila mtu hupaka miguu ya kihenge oili chafu kuzuia mchwa, na oili chafu ni nyeusi tii. Hii ilikuwa ya njano, safi kama asali.

Alinyanyua macho. Penye mafiga, Stephania alikuwa akiipua sufuria isiyo na mikono. Aliibana ukingoni kwa plaizi.

Philomena alirudi kwake akilia njia nzima. Angeweza kunyamaza. Lakini Elia alikuwa kwenye sakafu ya saruji.

Jumatatu, baada ya maziko, walikaa jikoni wanne: Maige, Sylvester, Stephania na Philomena. Plaizi ilikuwa mezani.

"Dada Stephania," alianza Philomena, "ile oili ya kwenye kihenge umeipata wapi?"

"Oili chafu tu, aliniachia Elia."

"Alichokikomba Elia kilikuwa girisi. Na ile pale ni mpya."

Stephania alitazama mikono yake. Ndipo akaanza kulia, kwa sauti ndogo.

"Jumatano aliniambia kuna Eufrasia, wa Bukundi. Amezaa naye watoto wawili. Akasema Jumamosi anakwenda kuwachukua, niwapishe chumba cha mbele. Kile alichofia mwanangu, dada. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi. Ijumaa alipokwenda kusali jumuiya nikalegeza zile boliti, nikakinga kopo. Nilijua gari halitatoka bila oili. Nilitaka Jumamosi moja tu abaki nyumbani."

"Kama ulitaka abaki," aliuliza Maige, "kwa nini hukuacha oili imwagike, aione?"

"Ilikuwa mpya, baba. Ningeimwagaje chini, mchwa wanakula kihenge?"

Philomena alifunga macho. Ngulyati nzima hapakuwa na mwanamke ambaye angeimwaga.

"Nilikusudia kumwambia asubuhi," Stephania aliendelea. "Naapa. Nilikwenda kisimani alfajiri ili nipate maneno, narudi nakuta ameshaondoka. Sikumwona, dada. Ningemwona ningemzuia."

Philomena alitamani kuishia hapo. Alitamani kumshika mkono, amwambie nimesikia, inatosha. Lakini swali moja lilikuwa limebaki.

"Sylvester, mwanangu," alisema, bila kumtazama rafiki yake. "Jipu lile selfu yake ilikufa zamani. Haliwaki mpaka lisukumwe. Jumamosi lilisukumwa na nani?"

Sylvester alimgeukia shemeji yake, kama anayemwomba aseme mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "si ulikuja kuniamsha wewe? Tukasukuma wote wawili. Ulisukuma kwa nguvu kuliko mimi."