Shuka la Mama Ursule

Ijumaa Kuu, jua likizama, Zélie alishuka mtoni na kikapu kimefunikwa kanga ya mabegani. Njia nzima alikuwa akiinamisha kichwa, lakini pale kijijini Vaubrune huwezi kumkwepa jirani yake Clotilde.

"Unakwenda wapi, shoga? Hufui leo, eti?"

"Nachota maji."

"Kwa kikapu?" Clotilde akacheka mpaka akashika mbavu.

Hakuna mwanamke wa kijiji kile anayefua Ijumaa Kuu. Na shuka la maiti hufuliwa na majirani, si na wa nyumbani. Zélie alijua yote hayo. Lakini mama mkwe wake, Mama Ursule, alikuwa amekufa mchana ule, na majirani wangekuja alfajiri kuchukua shuka. Upande wa kichwani lilikuwa na doa la damu. Wazee hufa, sawa, ila hawatoki damu puani bila mto kukandamizwa usoni. Doa likionekana, Zélie anakatwa kichwa.

Na kikongwe kile kilikuwa na mdomo, jamani! Miezi sita kitandani, kila bakuli la supu: "Hii umepika, au umeoshea miguu?"

Zélie akapiga magoti juu ya jiwe. Akalimwagia shuka maji ya majivu, akalipiga kwa kibao cha kufulia.

Pap... pap... pap...

Doa likagoma.

Akaacha, apumzike.

Pap... pap...

Sauti haikuacha.

Kwenye jiwe la mwisho, jiwe alilozoea kufulia Mama Ursule, palikuwa na mwanamke amepiga magoti, kitambaa kimemfunika uso. Alinuka nta ya mishumaa.

"Zito hilo, mwanangu," alinong'ona. "Mmoja hawezi kulikamua. Lete ncha."

Zélie akatazama shuka. Jeupe! Doa limetoka! Kwa furaha akampa ncha.

Watoto wa pale hufundishwa mapema: mfuaji usiyemjua, saa za magharibi, akikushikisha nguo, zungusha anakozungusha yeye, isikaze hata kidogo. Lakini mikono ya Zélie ilikuwa na mazoea yake. Miaka tisa alikuwa amekamua mashuka na mama mkwe, huyu huku, yule kule.

Akazungusha kule.

Shuka likakaza. Likameza vidole. Likapanda vifundoni... viwikoni...

Kr... kr...

"Mama, basi! Basi, mama!"

"Bado lina maji, mwanangu."

Alfajiri Clotilde na wenzake walimkuta mtoni, hai. Mikono yake yote miwili ilikuwa imesokotwa kama kamba mpaka mabegani. Shuka limeanikwa vizuri kwenye majani, jeupe. Damu yote ilikuwa kwenye aproni yake.

Wakaenda kumwosha maiti. Firmin, mume wa Zélie, aliapa kuwa hakutoka kando ya mama yake usiku kucha. Clotilde akainua mkono wa marehemu.

Ncha za vidole zilikuwa zimekunjamana, kama za mtu aliyeshinda majini. Kwenye kucha, majivu.

Akavifunika haraka kwa rozari. Wakamwambia Firmin mkewe ameteleza mtoni.

Zélie hajasema neno tangu siku ile. Firmin humlisha supu kwa kijiko, maskini, kisha humfunika kwa shuka bora kuliko yote nyumbani, lile la mama. Zélie hutikisa kichwa, machozi yakimtoka. Firmin hudhani ni shukrani.

Anachoshangaa ni kimoja tu. Kila asubuhi shuka limelowa, na limemkaza mkewe zaidi kidogo kuliko jana.