Chokaa ya Fundi Tadei

Pantoni iliporudi upande huu wa Kivukoni, magari yote ya kwenye foleni yalisogea, isipokuwa moja. Pikapu ya Amedeus ilibaki palepale, injini inanguruma, vioo vimefungwa hadi juu. Madereva wa nyuma walipiga honi, kisha wakapiga matusi. Mmoja alishuka kwenye tope kwenda kumwamsha. Alipofungua mlango, Amedeus alimwangukia kifuani, na alikuwa maiti.

Ilikuwa saa tano asubuhi, mwezi wa Aprili 1996, na masika yalikuwa yanamwaga bila haya.

Inspekta Fransisko Ligola wa kituo cha Ifakara alifika pamoja na Koplo Obed. Kabla ya kupanda cheo, Fransisko aliendesha gari la polisi kwa miaka tisa, tena gari bovu, na ubovu wake ulimfundisha mengi kuliko chuo. Aliingiza kichwa ndani ya pikapu, akakohoa, akakitoa upesi. Midomo ya marehemu ilikuwa myekundu kuliko midomo ya mtu yeyote aliye hai.

"Mbona injini haikuzimwa?" aliuliza.

Aliyejibu alikuwa Steven, utingo wa pikapu hiyo, kijeba wa miaka thelathini, macho yamevimba kwa kulia. "Ikizimwa haiwaki, afande. Betri imekufa tangu Januari, tunaisukuma kila asubuhi. Kwenye tope hili nani atasukuma?"

"Na vioo?"

"Mbu, afande. Bosi akifika Kivukoni alikuwa hafungui kioo hata kidogo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Safarini nakaa nyuma, juu ya mzigo. Tulipofika nikaenda kibandani kunywa chai. Pantoni ilisimama tangu saa moja na nusu, mto ulikuwa umejaa magogo. Nilijua bosi amelala."

Daktari hakuchukua muda. Amedeus alikuwa amevuta moshi wa injini, alisema, na ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu inayokaa kwenye damu mahali pa pumzi. Mtu husinzia tu, akaenda zake.

Moshi uliingiaje ndani? Hapo mji mzima ulikuwa na jibu. Siku mbili kabla, Fundi Tadei alikuwa amemtengenezea Amedeus manifodi, kile chuma chenye matundu manne kinachopokea moshi kwenye injini na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Kilikuwa kinavuja. Na asubuhi ile ya kifo, watu waliokuwa wanakunywa chai stendi walimsikia Amedeus mwenyewe akifoka, gari imewashwa na inapiga tatata-tatata: "Tadei kanifanyia kazi ya ovyo! Nikirudi atanitambua."

Hakurudi. Jioni ile Tadei alikuwa mahabusu.

"Kesho kutwa anapandishwa mahakamani," alisema Mkuu wa Kituo. "Kuua bila kukusudia, kwa uzembe. Funga jalada, Ligola."

"Nipe kesho, mkuu."

"Ya nini?"

"Sijafungua boneti."

Mkuu alimtazama kama mtu anayetazama nzi kwenye mchuzi, lakini alimpa.

Asubuhi, Margareta, mke wa fundi, alikuwa ameketi kwenye ngazi za kituo na bakuli la wali na kambale lililofungwa kwenye kitambaa. Hakulia. Alisema neno moja tu: "Afande, akifungwa huyu, hakuna atakayempa tena gari hata akitoka. Mikono yake ndiyo jina lake." Fransisko aliitikia kwa kichwa, na moyo ulimuuma, kwa sababu aliyemfunga Tadei pingu ni yeye.

Alimtoa mzee mahabusu akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee Tadei."

"Marahaba," alisema fundi, akishangaa kuamkiwa na polisi.

"Sitaki unitetee. Nieleze tu unavyofanya kazi. Manifodi inavuja, unaanzia wapi?"

Mzee alinyanyua macho. Kumuuliza fundi kazi yake ni kumpa maji jangwani.

"Naisikiliza ikiwa ya baridi. Chuma kikipata moto hutanuka, mlio hupungua, fundi mjinga akasema imepona. Kisha nafungua, nasugua uso wa chuma mpaka unyooke, nakata gasketi mpya. Nati natia za shaba, za chuma zinagandana kwa moto. Nakaza kuanzia katikati kwenda pembeni."

"Halafu?"

"Halafu napaka chokaa."

"Chokaa ya nini?"

"Ya ukuta, afande! Nakoroga na maji, napaka kila kiungo na kila nati. Haizibi kitu, hiyo ni shahidi wangu. Pakivuja, moshi unaandika nyeusi juu ya nyeupe. Mwenye gari hawezi kunibishia, na mimi siwezi kumbishia. Amedeus nilimwambia arudi baada ya siku tatu nikaze mara ya pili. Nilikuwa namngoja."

"Na pale pedali zinapopita kuingia ndani? Pana tundu."

"Nililiziba kwa mpira wa tyubu, nikafunga na waya. Nilimwambia, hapo ndipo kifo kinapoingilia."

Fransisko aliinuka. Alimwita Obed, wakaenda uani ilipovutwa pikapu. Alifungua boneti akainama, na kwa muda mrefu kilichoonekana ni makalio yake tu.

"Obed, umeona nini?"

"Chuma, afande."

"Hesabu viungo, uniambie na rangi."

Viungo vitatu vilikuwa vyeupe pe, chokaa imekauka bila ufa. Cha nne, kilicho karibu zaidi na ukuta wa kabini, kilikuwa na masizi meusi, na pembeni mwa masizi paligandamana ukoko wa kahawia. Nati zake mbili za shaba ziling'aa kwenye kona, spana imezichubua. Fransisko alizishika kwa vidole. Zilizunguka zenyewe.

"Fundi hakukaza," alisema Obed.

"Alikaza, akapaka chokaa. Kuna aliyekuja baadaye akalegeza, chokaa ikapasuka, akaona bora apake nyingine asigundulike." Alibandua kipande cha ukoko kwa kucha, akakinusa, na uso wake ukafunguka. "Nusa."

Obed alinusa. "Kitumbua! Kilichoungua!"

"Chokaa haiungui, koplo. Unga wa mchele unaungua. Huyu alimwona fundi akipaka uji mweupe, akadhani mweupe wowote ni mweupe."

Alilala chini akachungulia penye pedali. Waya ulikuwepo bado, umekazwa vizuri. Mpira ulikuwa umekatwa kwa kisu, mkato mmoja ulionyooka. Uzembe haushiki kisu. Alitia ukoko kwenye kiberiti kitupu, akakiandika kielelezo, akachukua kofia yake.

Balbina aliuza vitumbua stendi, na kila asubuhi Amedeus alikunywa chai kwake huku pikapu imeegeshwa kwenye mteremko, tayari kwa kusukumwa.

"Mama Balbina, jana asubuhi kuna mtu alikuomba unga uliokorogwa?"

"Mbichi? Nani anakula mbichi?" Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Alaa. Steven. Alichota upawa mmoja kwenye kopo. Nikamwambia subiri ukaangwe, akasema ana haraka."

"Kabla au baada ya bosi wake kuwasha gari?"

"Kabla. Bosi alikuwa anakunywa chai. Steven alikuwa kwenye boneti, anasema anatazama maji. Gari ilipopiga kelele, Amedeus alitaka kwenda kwanza kwa Tadei. Steven ndiye aliyemwambia twende, bosi, tutakosa pantoni."

Walimkuta Steven msibani kwa Amedeus, ndani ya kaburi lenyewe, anachimba. Alichimba kwa nguvu kuliko wote, na wazee walikuwa wanamsifu. Fransisko alichuchumaa ukingoni.

"Pole, Steven. Panda juu tuzungumze."

Walisimama pembeni, rozari ikisikika kutoka ndani ya nyumba.

"Jana ulichukua upawa wa unga kwa Balbina. Ulifanyia nini?"

"Nilikula, afande."

"Mbichi?"

"Nilikuwa na njaa."

"Vya kukaanga vipo mbele yako, vya moto, bosi analipa. Ukala uji mbichi wa mchele?"

Steven alifuta udongo kwenye mpini wa jembe lake.

"Una kisu?"

"Kila utingo ana kisu. Cha kukatia kamba."

"Na spana?"

"Za gari zipo."

Fransisko alifungua kiberiti, akamwonyesha ukoko wa kahawia. "Mzee Tadei alipaka chokaa ya ukuta. Hii ni nini?"

Steven aliutazama ukoko ule kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Jembe lilimtoka mkononi.

"Nilidhani ni unga," alisema. "Nilidhani anapaka unga ili kuziba."

Kituoni, Fransisko alimpa onyo kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi. Steven alisema hata hivyo. Ilikuwa kama amechoka kubeba.

"Nilikuwa na dada, Happyness. Tulikuwa wawili tu. Mwaka juzi uchungu wa kujifungua ulimshika ng'ambo ya mto, ndugu wa mume wakamvusha kwa pantoni wampeleke hospitali. Mimi nilikuwa Mang'ula, napasua mbao. Nilipofika nikaambiwa palikuwa na gari moja pale Kivukoni, dereva akakataa kumpakia. Wakambeba kwa machela. Alifia njiani, yeye na mtoto."

"Ulijua dereva ni nani?"

"Sikujua! Ningejua ningefanya naye kazi? Miezi minane, afande. Tumekula sahani moja. Nilipougua malaria alininunulia dawa." Alijifuta uso kwa mkono wenye udongo wa kaburi. "Wiki iliyopita tulilala njaa Kiberege, gari imekwama, tunapiga soga. Akasema, mimi abiria sijawahi kumkataa, ila mmoja tu. Mwanamke wa Kivukoni, amevaa kitenge cha majogoo, damu inamchuruzika, ndugu zake wamenipigia magoti. Nikawaambia mchele wangu utanunuliwa na nani ukiwa na damu? Akacheka."

"Kitenge cha majogoo."

"Nilimnunulia mimi."

Kalamu ya Fransisko ilisimama. Aliwahi kuhoji wezi, walevi na waongo, na wote aliwamudu. Huyu alimhurumia, na huruma haikubadilisha kitu.

"Na Tadei? Ulijua angefungwa kwa ajili yako?"

Steven aliinamisha kichwa. "Hilo sikuliwaza. Nilipoliwaza, nikaogopa."

"Mzee ana mke, kama Happyness alivyokuwa na kaka."

"Najua." Alilia sasa, kwa sauti, bila kujificha. "Najua, afande. Andika jina la dada yangu basi. Kwenye hayo makaratasi yenu yote, liandike na lake. Halijaandikwa popote."

Fransisko aliliandika, kwa herufi kubwa, akampa asome, naye Steven akaweka saini chini yake.

Mkuu wa Kituo alisoma maelezo yale mara mbili, akasema "Hmm," na hiyo kwake ilikuwa pongezi. Tadei alifunguliwa saa nane mchana. Fransisko alimweleza yote aliyosema Steven, akamwomba radhi mbele ya askari wote, na Margareta alisimama mlangoni na bakuli lake, lile la wali na kambale, alilolipasha moto tena kwa kuwa tangu asubuhi hakuna aliyepata nafasi ya kula.

"Twende ukale nyumbani," alimwambia mumewe.

Fundi alilipokea bakuli, akageuka kumtazama Steven anayeingizwa kwenye chumba alichotoka yeye.

"Amesema dada alikuwa mmoja tu?"

"Mmoja tu," alisema Fransisko.

"Basi huyu hana wa kumletea chakula." Tadei aliliweka bakuli mezani kwa inspekta. "Mpe kikiwa na moto."